Jogoo wa Wimbo wa Tatu

Kuna watu wanaopenda muziki, na kuna watu wanaopenda kuwa wa kwanza kuusikia. Kwa muda mrefu nimeishi na hawa wa pili, katika kundi la simu la wasikilizaji wa hip-hop ya chini kwa chini wa Migori na Homa Bay. Nakuambia, ni rahisi kumuuzia dawa ya minyoo ya ng'ombe mtu asiye na hata mbuzi kuliko kumfanya mmoja wao akubali albamu uliyompendekezea.

Dawa za mifugo ndiyo kazi yangu. Nina duka la agroveti mjini Migori, na hapo nyuma ya kaunta, kati ya mifuko ya chakula cha kuku na madumu ya dawa ya kupe, ndipo ninaposikilizia muziki wangu. Wateja wamezoea. Wengine huniuliza huyo anayefoka kwenye simu amekosewa na nani. Nikiona mtu anatikisa kichwa huku akingoja chenji, humwambia jina la albamu, na kama ana nafasi kwenye simu humrushia. Huo ndio upendekezaji ninaoujua. Unamtazama mtu, unajua nyumbani kwake kukoje, halafu unampa kinachomfaa, kama ninavyompa vifaranga. Mtu ambaye banda lake linavuja humpi vifaranga wa siku moja.

Kwenye kundi mambo yalikuwa tofauti. Huko kupendekeza kulikuwa vita.

Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari karibu na Homa Bay. Sote tulimwita Mwalimu. Alivaa mavin, ile kofia ya sufu ya kubana kichwa, mwaka mzima, katika mji ambao mbwa hulala mtaroni saa nne asubuhi kwa sababu ya joto. Yeye ndiye aliyetunga sheria ya kundi: albamu inayopendekezwa lazima iwe imepuuzwa, na kama kuna mwanachama hata mmoja aliyewahi kuisikia, imeondolewa. Sheria hiyo ilikuwa na matokeo ambayo hakuna aliyetaka kuyatazama. Albamu nzuri, kwa sababu ni nzuri, ilikuwa imeshasikiwa na mtu fulani, basi ilitupwa. Zilizobaki ni zile ambazo dunia nzima ilikuwa na sababu ya kuziacha zilipo.

Msaidizi wake alikuwa karani mmoja wa ofisi za kaunti, mtu wa kuandika marefu. Nitamwita Mchambuzi, kwa kuwa mwenyewe alijiita hivyo. Albamu ya nusu saa alikuwa anaiandikia maelezo ya kusoma saa nzima. Kila kitu kwake kilikuwa ishara. Mlio wa maji ulikuwa ishara ya wakati, kikohozi kilikuwa ishara ya serikali. Nilipomuuliza mara moja kama alishawahi kusikia wimbo ukamfurahisha tu, alinijibu, "Siste, kufurahi ni kwa watu wa redio."

Wanawake kwenye kundi tulikuwa wachache, na kila nilipopendekeza kitu kuna mwanamume alijitokeza kunieleza nilichokuwa nimependekeza.

Sasa, siku moja Mwalimu akatuletea albamu. Alisema ni ya rapa asiyejulikana kabisa, na kwamba faili ilimfikia kupitia kwa mtu wa mtu. Jina la msanii lilikuwa la ajabu ajabu, mwenyewe hana picha, hana ukurasa popote. Jalada lilikuwa mlango mmoja mbovu, mweusi na mweupe. Mwalimu aliandika kwamba hii ni ya masikio yaliyokomaa, na asiyeielewa asione haya, aisikilize tena.

Niliisikiliza dukani. Biti zilikuwa zile za bure ambazo kila mtu anazo. Juu yake mwanamume alikuwa anafoka kwa sauti iliyozibwa, kana kwamba amefungiwa kwenye gunia. Nyimbo karibu zote zilimhusu mwanamke aliyemwacha akavuka maji kwenda kisiwani na mwanamume mwenye boti ya injini. Katika wimbo wa tatu, katikati ya ubeti, jogoo anawika. Mkulima mmoja wa tumbaku kutoka Kehancha, mteja wangu wa siku nyingi ambaye pia yuko kwenye kundi, alikuwa amekuja kuchukua dawa ya kunyunyizia. Alisikiliza mpaka jogoo akawika mara ya pili.

"Huyu mtu yuko wapi?" akauliza.

"Hatujui. Mwalimu anasema hajulikani."

"Aache kujulikana tu," akasema, akabeba dumu lake.

Lakini kwenye kundi ilikuwa sherehe. Hakuna aliyewahi kuisikia albamu ile, kwa hiyo kisheria ilikuwa ndiyo albamu bora kuliko zote. Mchambuzi aliandika maelezo ambayo simu yangu ililazimika kuyakata vipande. Alisema msanii bila shaka anaishi katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, kwamba sauti iliyozibwa ni uamuzi wa kisanii unaoonyesha mtu aliyenyimwa hewa na mfumo, kwamba mwanamke ni nchi na mwenye boti ni mabeberu. Mlango wa jalada, alisema, ni mlango wa fursa uliofungiwa vijana. Na jogoo ni alfajiri ya mapinduzi. Mwalimu akamjibu kwa neno moja: "Umefika." Wengine wakaanza kushindana nani amelia kuliko mwenzake. Mmoja aliandika kwamba alisimamisha pikipiki kando ya barabara ya Rongo kwa sababu macho yalijaa.

Baada ya mafanikio hayo Mwalimu akaona ni wakati wa kukutana ana kwa ana. Alipanga Jumamosi mchana, katika hoteli moja ya samaki ya Homa Bay, karibu na gati. Kila mtu aje na albamu moja iliyopuuzwa, na yeye atafunga kikao kwa kutusikilizisha ile ya rapa asiyejulikana, mwanzo hadi mwisho, kwa spika nzuri.

Nilifunga duka nikaenda. Mkulima wa Kehancha naye alikuja na pikipiki yake, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Tulikuwa wachache kuliko walioahidi, maana kwenye simu watu huahidi kwa urahisi. Tuliketi kwenye viti vya plastiki, spika imewekwa katikati ya meza kama mgeni rasmi, na samaki wa kukaanga wakaanza kuja.

Mimi niliitwa mapema. Nilikuwa nimekuja na albamu ya dada wawili wa Kegonga wanaochana kwa Kikuria na Kiswahili. Niliipenda kwa dhati. Dada hao wanaingiliana maneno kama watu wanaotwanga kwenye kinu kimoja, huyu akiinua mchi yule anashusha, na wanasema mambo ya huko kwao ambayo sijasikia mtu mwingine akiyasema kwa muziki: mwanamume anayeuza ng'ombe wa mkewe bila kumwambia, msichana anayevuka mpaka kwenda sokoni Tanzania na kurudi akiwa amejifunza kubishana bei kuliko mama yake. Nilipiga wimbo wa kwanza. Miguu ikaanza kutikisika chini ya meza, nikaiona.

Mchambuzi akainua mkono wenye mwiba wa samaki. "Hawa si waliwahi kupigwa kwenye redio ya Migori?"

"Mara moja," nikasema. "Asubuhi."

"Basi washajulikana," akasema Mwalimu, kwa huzuni ya hakimu. "Siste, tunashukuru. Lakini sheria ni sheria."

"Nani hapa amewasikia?"

Mchambuzi akarudi kuchambua samaki wake. Mkulima wa Kehancha akasema yeye ni Mkuria na hakuwa amewasikia, na angependa kuwasikia sasa hivi. Aliambiwa wakati hautoshi. Nikazima simu yangu nikarudi kwa samaki, na sitasema nilikuwa nimewaombea mema.

Kikao kiliendelea hivyo. Albamu zilianguka moja baada ya nyingine. Mmoja aliondolewa kwa sababu shemeji yake anamjua msanii. Saa nane ilipofika, Mwalimu akasimama, akarekebisha mavin yake, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola, akatueleza kwamba sanaa ya kweli hujificha. Kisha akawasha spika.

Tulikuwa kwenye wimbo wa pili aliposimama mwanamke mlangoni, ana mfuko wa vitambaa na mabonge ya uzi mkononi. Alikuwa mke wa Mwalimu. Alituambia baadaye kwamba yeye ni fundi wa kushona, kwamba alikuwa mjini kununua uzi, na kwamba alipoona mumewe kivulini anakula samaki, wakati asubuhi aliaga anakwenda mkutano wa walimu, aliona si vibaya kuingia kusalimia walimu.

Mwalimu akaruka kuelekea kwenye spika. Mchambuzi alimshika mkono. "Usiizime, Mwalimu. Ndiyo tunaingia wimbo wa tatu."

Mama akavuta kiti. Akasalimia kila mtu kwa mkono, akaketi, akauliza huo ni muziki gani. Mchambuzi, kwa ukarimu wa mtu aliyepata msikilizaji mpya, akaanza kumweleza kuhusu nchi na mabeberu. Akamwomba asikilize vizuri hapo jogoo atakapowika, kwa sababu ndipo ujumbe wote ulipo.

Jogoo akawika.

Mama akainua kichwa. "Hiyo jogoo ni yetu," akasema.

Watu wakatabasamu kwa heshima.

"Ni yetu. Ile ilikuwa inamalizia na kukohoa. Tulichinja Krismasi." Akasikiliza kidogo tena, kisha akamgeukia mumewe polepole. "Mwalimu. Si hii ni wewe?"

Nimewahi kuona ng'ombe akisimama katikati ya barabara lori linapokuja, hajui arudi au aendelee. Ndivyo Mwalimu alivyosimama. Mkono mmoja ulikuwa umekwenda kwenye mavin, mwingine hewani.

"Ni mtu anayefanana sauti," akasema.

"Na anayefanana jogoo?"

Mama alikuwa anahesabu mambo yake mwenyewe kichwani, tuliona. "Sasa naelewa," akasema. "Ile wiki ulikuwa unajifunika blanketi mchana, unatetemeka, unaongea peke yako. Nikafikiri ni malaria imepanda kichwani." Akatugeukia sisi. "Nilimletea dawa. Alimeza zote. Mtu hana malaria na anameza dawa zote, chungu vile, kuliko aniambie anaimba."

Hapo mkulima wa Kehancha alianza kucheka. Alicheka kimya, mabega tu, kisha akashindwa, akaweka paji la uso juu ya meza karibu na kichwa cha samaki. Nami nikacheka. Nilicheka mpaka nikaona haya, nikanywa maji, nikaanza upya. Mchambuzi peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama simu yake, na nadhani alikuwa anasoma upya maelezo yake kuhusu mitaa ya mabanda ya Nairobi.

Mwalimu akanyoosha mkono kuzima. Mkewe akasema, bila kuinua sauti, "Acha. Nataka kusikia mimi nilikosea nini."

Kwa hiyo tukasikiliza. Sijawahi kuhudhuria usikilizaji wa albamu ulio mzuri kama ule, na sidhani nitahudhuria mwingine. Mumewe alipofoka kwamba aliachwa bila kwaheri, mama alisema, "Nilikuaga. Ulikuwa unasahihisha mitihani." Alipofoka kuhusu mwanamume mwenye boti, mama alitueleza kwamba ni kweli alivuka kwenda Mfangano, kwenye matanga ya shangazi yake, na mwenye boti alikuwa mzee wa kanisa mwenye meno machache, na alirudi na samaki mbichi ambao mwimbaji aliwala wote siku hiyohiyo. Alipofoka kwamba kitanda kilibaki baridi kama kaburi, mama alisema, "Homa Bay? Baridi?" Mtu mmoja akamwonyesha jalada kwenye simu, akitaka tu kuwa mwema. Mama alilitazama kwa makini.

"Huu ni mlango wa choo chetu," akasema.

Mchambuzi akaomba kwenda kunawa mikono.

Halafu ukafika wimbo wa mwisho. Mimi dukani sikuwa nimefika huko, na nilikuja kugundua kwamba hata waliolia barabarani hawakuwa wamefika. Haukuwa na mwanamke ndani yake. Ulikuwa kuhusu mwaka wake wa kwanza kazini, alipopelekwa shule moja huko Kuria Mashariki akiwa kijana, hajui lugha ya pale, na nchi ilikuwa na joto la uchaguzi. Alilala kwenye stoo ya shule, kati ya magunia ya mahindi, mlango ameuegemeza dawati, akisikiliza watu wakipita nje na kutojua wanasema nini. Asubuhi anasimama mbele ya darasa kuwafundisha watoto wao mito na mabonde, huku akijiuliza ni baba wa nani aliyesimama pale nje usiku. Hakufoka katika wimbo huo. Aliusema tu, taratibu, na biti ilikuwa chini sana. Kuna mahali anasema alijifunza kusema "nina njaa" kwa Kikuria kabla ya kujifunza kusema "asante", na mama mmoja jirani alimcheka, akampa chakula.

Mkulima wa Kehancha alikuwa ameacha kucheka zamani. Mama alikuwa amekamata bonge moja la uzi, analizungusha.

Wimbo ulipoisha akasema, "Hii hukuwahi kuniambia."

"Sikujua nianzie wapi," akasema Mwalimu.

"Ungeanzia hapo kwenye magunia."

Mwalimu alivua mavin. Ndipo nikaona kwamba ana kipara. Alionekana mtu wa kawaida, aliyechoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilitamani kumpa kitu cha kusikiliza.

Mchambuzi alirudi akiwa na mikono safi na maoni mapya. Alisema yeye alikuwa ameshatambua tangu mwanzo dalili za ualimu katika vina vile, ila hakutaka kumfichua msanii. Mkulima akamwuliza, kwa upole kabisa, na mabeberu je. Mchambuzi akasema sanaa ina tabaka nyingi. Tukalipia samaki tukaagana. Mama na Mwalimu waliondoka pamoja, yeye mbele na mfuko, mumewe nyuma akiwa amebeba spika kama mtoto aliyelala.

Kundi lilitikisika kwa muda. Mwalimu alijitoa bila neno. Wale waliolia walifuta machozi yao, yaani walifuta ujumbe. Wengine walidai walikuwa wanatania. Mchambuzi akachukua uenyekiti, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na muda wa kuandika kiasi kile, na jambo lake la kwanza lilikuwa kuongeza sheria kwamba anayependekeza albamu athibitishe kuwa si yeye aliyeiimba. Kisa cha jogoo kikasambaa mpaka Rongo na Mbita, watu wakaanza kuiomba ile albamu, wakaisikiliza kwa kicheko, na wachache wakafika wimbo wa mwisho wakaurudia. Najua kwa sababu baadhi yao walikuwa wateja wangu, na niliwarushia huo wimbo peke yake. Nyingine niliwaambia wazitafute wenyewe kama wana dhambi za kulipia.

Baada ya mvua ndefu Mwalimu aliingia dukani kwangu. Alisema alikuwa Migori kwa shughuli za shule na kwamba kuku wake wanakohoa. Nilimwuliza maswali ya kuku. Alijibu, lakini hakuondoka. Kulikuwa na mteja mwingine anangoja, akampisha, kisha akarudi kwenye kaunta.

"Siste, wewe ulionaje?"

"Wimbo wa mwisho ni mzuri," nikasema. "Mzuri kweli. Nimewapa watu."

"Na zile nyingine?"

"Zile nyingine ni mbaya, Mwalimu."

Alikubali kwa kichwa, ila niliona imemuuma. Nilidhani ataniambia masikio yangu hayajakomaa. Badala yake akatoa simu. Alisema mkewe amempa sebule siku za Jumamosi, kwa sharti kwamba asijifunike chochote, na yeye mwenyewe huketi palepale anashona. Kuna nyimbo nne mpya. Angependa nizisikilize kabla mtu mwingine.

Niliziweka kwenye spika ndogo ya dukani. Cherehani ilisikika nyuma yake, ikienda na kusimama, na mahali fulani mwanamke alisema, "Hapo umedanganya, rudia." Na alikuwa amerudia. Wimbo mmoja ulikuwa wa baba yake, mmoja wa mwanafunzi aliyeacha shule akaenda kuvua omena, mmoja sikuuelewa. Wa nne ulikuwa unawashambulia wachambuzi wa muziki, na ulikuwa umejaa hasira na maneno makubwa.

"Huu wa nne utoe," nikasema.

"Huo ndio wenye nguvu."

"Ndio unaosikika kama bado uko chini ya blanketi."

Alinuna. Alilipia dawa ya kuku, akaweka simu mfukoni, akaondoka bila kuaga, na mimi nikamgeukia mwanamke aliyetaka mbegu za sukuma wiki. Baada ya siku chache albamu ilinifikia kwenye simu ikiwa na nyimbo tatu, na chini yake ameandika kwamba mkewe naye alikuwa amesema hivyohivyo, ila yeye alisema vibaya zaidi.